Kofia ya Shaba

Karani Shebwana alichovya kidole ndani ya mashine ya kuchemshia mashuka kwa mara ya nne asubuhi hiyo, na kwa mara ya nne akakitoa bila kuungua. Maji yalikuwa vuguvugu, ya kumwogeshea mtoto.

"Saa nzima moto unawaka," alifoka, "na mashuka ya wagonjwa wa kifua bado yananuka. Koricha, kuna nini?"

Fundi Koricha alikuwa amelala chali chini ya tumbo la mashine, akikagua jiko la mafuta ya taa. "Mafuta iko," alijibu. "Moto iko. Maji tu hapana pokea."

Nje, penye mapipa, wanawake watano waliokuwa wakichemsha mashuka kwa kuni walicheka. Aliyecheka zaidi alikuwa Gumato, mkubwa wao. Shebwana alimchukia mwanamke huyo kuliko alivyolichukia vumbi la njia ya Bute, na hilo si dogo.

Alikuwa na sababu. Mwaka huo wa 1953 daktari wa kambi ya wagonjwa alimpa ahadi: mashine ikichemsha maji kabla lori la mwisho wa mwezi halijarudi Nairobi, Shebwana atapanda lori hilo, ahamishwe kwao Malindi. Isipochemsha, itakayopanda ni mashine. Na siku itakayochemsha, wale watano wataambiwa kwaheri. Kwa hiyo tangu masanduku ya mashine yalipofika, Shebwana alijua pa kuangalia. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo zote za kambi zilikuwa mikononi mwa Gumato.

Ndiyo maana alimchagua Koricha. Kambi ilikuwa na mafundi wawili, na yule mwingine alikuwa mtu wa kucheka na kila mtu. Koricha hakuwa hivyo, hasa kwa Gumato. Siku moja Shebwana alishuhudia kwa macho yake: Koricha ameketi na bakuli la maziwa, Gumato akatokea kwenye kona, jamaa akaliacha bakuli likiwa nusu na kushika njia nyingine. Gumato naye akavuta shuka usoni, akampa mgongo mpaka alipopotea. Siku nyingine Shebwana alimtuma Koricha akamwite Gumato. "Mtume mwingine, Karani," alijibu, akitazama chini. Hata kutajana majina hawakutajana. Gumato alimwita "yule mtu", basi.

Fahali wawili hawakai zizi moja, Shebwana alijiambia, na moyo wake ukatulia. Chuki kama ile hainunuliki. Akamkabidhi Koricha masanduku yote ayafungue peke yake, na ufunguo wa chumba cha mashine, ufunguo mmoja tu. Akampa na nyumba ya mabati ya jirani, akae humo na mkewe Tiya na mtoto wao wa miezi sita. Hakuomba shauri kwa mtu. Miezi minane alikuwa kambini na hakuwahi kunywa chai na mwenyeji hata mmoja. Aliwaona wote wajinga, na hakuficha.

Koricha alikwangua ganda la chokaa tumboni mwa mashine, maana maji ya kisima yalikuwa na chumvi. Wakangoja saa nzima. Vuguvugu. Akazibua matundu ya jiko kwa sindano, moto ukawaka wa buluu. Vuguvugu. Shebwana akatoka mbio hadi penye mapipa.

"Mmeifanya nini mashine yangu?"

Gumato hakusimama. "Sisi naingia wapi, Karani? Ufunguo iko kwa yule mtu. Wewe mwenyewe nampa."

"Nikikukuta umeigusa, nitakufunga."

"Funga. Mashuka ya kesho nani nachemsha?"

Akayapekua mafurushi yao, akayamwaga mchangani moja baada ya jingine. Alipata sabuni, ugoro na kitana. Gumato akatema mate, yakatua kando ya kiatu chake.

Alasiri Koricha alitoka chini ya mashine, mikono myeusi. "Nimeona ugonjwa. Hapa juu ya moto nataka kofia ya shaba, kama kisahani, matundu pembeni. Hiyo nakusanya moto. Sasa hakuna, moto napotea kando."

"Haikuwamo sandukuni?"

"Mimi nafungua masanduku yote. Sikuona. Nairobi nasahau."

Shebwana alimkazia macho. Angekuwa mtu mwingine, angemshuku. Lakini huyu angefurahi kuliko wote kumwona Gumato akitimuliwa. "Mahali hapa nakuamini wewe peke yako," alimwambia. Koricha akatazama chini.

Kofia nyingine ingechukua miezi mitatu kufika, na daktari hakutaka kungoja. Shebwana mwenyewe aliandika barua kwamba kosa ni la waliofunga mzigo, akatia sahihi. Jumamosi lori liliondoka na mashine, imefungwa kamba pale ambapo sanduku lake la nguo lingekaa. Alisimama vumbini, machozi yakamtoka, wala hakujali nani anamwona.

Kisha akaenda penye mapipa kumalizia hasira zake. Koricha alikuwa akikatiza, na kama kawaida Gumato alivuta shuka usoni akampa mgongo, naye Koricha akazunguka mbali, nyuma ya mahema. Hilo lilimfariji Shebwana kidogo. Angalau palikuwa na mmoja aliyemchukia mama huyu kama yeye.

Mara akaja Tiya, mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa akitafuna ukingo wa kisahani cha shaba, chenye matundu pembeni. Gumato akafunua uso, akanyoosha mikono.

"Mshike mjukuu wako, mama," Tiya alisema, kwa Kiborana chepesi ambacho hata Shebwana alikielewa. "Mkweo ameshapita, hakuna tena wa kumwonea haya."