Dakika Tano za Profesa

"Dakika tano, Profesa. Kengele ikilia, unakaa," karani wa baraza alisema, akimsogezea glasi ya maji.

Profesa aliitikia kwa kichwa. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa amesoma hotuba za wanasiasa wa Ugiriki na Roma za kale: nani alisema nini, umati ulishangilia wapi, vita vikaanza saa ngapi. Leo baraza la chuo lilikuwa linapiga kura kama idara yake ibaki au ifungwe. Idara yenyewe ilikuwa watu wawili, yeye na mhadhiri mmoja, mama wa watoto wanne, aliyeketi mezani kama mwakilishi wa walimu, akihofia kazi yake.

Profesa naye aliogopa. Hakuna kazi nyingine aliyoijua duniani.

Asubuhi mkewe alikuwa amemfunga tai. "Baba Watoto, leo usizunguke. Waambie unachotaka, ukae."

"Mama Watoto, hotuba ina utaratibu wake. Unaanza na hoja za mpinzani, tena unazisema vizuri kuliko yeye. Ukishazimaliza, ndipo unazibomoa."

Mkewe hakuwa amesomea hotuba popote. Lakini nyumbani palikuwa na friji mbili, na zote mbili alizipata kwa kusema tu kwamba anazitaka.

Profesa akasimama. Alianza kwa sauti ya chini, kama wakongwe wake. Dakika ya pili mhasibu, mtu asiyejali hata mazishi, aliweka simu chini. Ya tatu, mkuu wa chuo aliinamisha kichwa. Ya nne, mwenyekiti alitoa leso. Mhadhiri alimkodolea macho bosi wake, machozi yakimlengalenga. Miaka yote hiyo hakujua kwamba mzee ana moto kiasi hiki.

Kengele ikalia. Makofi yakatikisa madirisha.

"Wajumbe, bado kuna haja ya mjadala?" mwenyekiti aliuliza, akijifuta macho.

"Hakuna!"

"Wanaokubaliana na Profesa?"

Mikono kumi na mmoja ikapanda, wa mhadhiri ukiwa wa kwanza.

Karani akaandika: idara ifungwe kuanzia mwezi ujao. Profesa alikuwa bado amesimama, akifungua ukurasa wa pili, ule wa kubomoa.