Njia Fupi ya Tunu

Uvumi ulimganda Bi Siwema kama kupe: mkunga mmoja alifuata njia aliyoonyeshwa na simu, na mpaka leo kilichoonekana ni kiatu chake tu, ukingoni mwa machimbo ya chokaa. Angeupuuza, lakini aliyebuni hesabu za kuwachagulia wakunga njia ni bintiye, Tunu, anayesomea shahada ya uzamivu ya kompyuta.

Asubuhi hiyo Tunu alikuwa akifunga kamba za viatu ili akaipime njia hiyo mwenyewe.

"Mama, huo ni uvumi tu. Algorithimu yangu nimeipa vijia vyote vya mji, ikachagua kilicho kifupi kuliko vyote."

"Na machimbo, nani aliiambia?"

"Kwenye ramani pale ni kijia kama vingine."

"Ramani haijawahi kutumbukia, mwanangu."

Tunu akacheka. "Wewe na darasa lako la saba!"

"La saba, ndiyo, lakini miguu yangu ninayo yote miwili."

Bi Siwema akamnyang'anya ramani ya karatasi aliyoishika, akaigeuza, akaandika upande wa nyuma akikandamiza kalamu mpaka ikatoboa karatasi. Tunu akaipokea. Kicheko kikamkauka, kamba ya kiatu cha pili ikabaki haijafungwa.

Usipite machimboni, hata jua likiwaka.
Usikanyage chokaa iliyolainika, chini ni patupu.
Usiende peke yako.
Usifuate nyayo zisizorudi.
Ukikiona kile kiatu, usiiname kukiokota.