Neno la Kina Saumu

Tangu sauti za watu zianze kuibwa na kuigizwa simuni, kila ukoo ulikuwa na neno lake la siri, na simu ya ndugu asiyelitaja ilikatika yenyewe kabla salamu hazijaisha. Neno la kina Saumu lilikuwa bizari. Mama yake, Bi Mgeni, alianza kulisahau mwaka jana. Kila akipiga kutoka Pangani, aliishia kusema "Saumu mwanangu" tu, simu ikafa.

Mwezi uliopita akapiga, akalitaja. Tangu hapo wakawa wanazungumza kila asubuhi, na mama akakumbuka mpaka wimbo aliombembelezea Saumu siku za surua.

Jumamosi Saumu akaenda kumwona. Alimkuta jikoni akichambua mchele.

"Shikamoo mama. Siku hizi neno unalikumbuka vizuri."

"Marahaba. Neno gani?" Bi Mgeni akacheka kwa haya. "Lile nilishaiambia simu initunzie, kichwa changu hakishiki kitu. Nawe mwezi mzima sijasikia sauti yako."

Kabla Saumu hajajibu, simu yake ikalia mkobani. Akaipokea.

"Bizari," ilisema sauti ya mama yake, kwa upole ule ule wa kila asubuhi. "Umefika salama?"

Bi Mgeni akaacha mchele, akainua uso.

"Saumu," sauti ikaendelea taratibu, "huyo uliyekaa naye, amekutajia neno?"