Mume wa Mjini

Siku hizi mashine ya mionzi hutibu wakazi wa mjini tu, na sisi wa mashambani hupata ukazi kwa ndoa. Basi mke wangu Syabumi alipopata uvimbe wa saratani, nilimpa talaka, nikampeleka mwenyewe kwa Sichone, fundi cherehani wa mjini aliyefiwa na mkewe.

“Chai yake itie tangawizi,” nilimwambia Sichone. “Na miguu yake hupata baridi, umfunike.”

Syabumi akacheka. “Baba Tusa, unaniozesha au unanipeleka bweni?”

Sasa uvimbe umekwisha. Jana nilimpigia simu, nikamwambia arudi nyumbani.

“Natamani,” alisema. “Lakini lazima nipimwe kila mwaka, na asiye mkazi hapimwi.”

Nyuma yake nikamsikia Sichone akiuliza, kwa upole, kama amevaa soksi.