Zeze Lililomrudisha Shekue

Enzi hizo kesi hazikusikilizwa, zilitazamwa. Mahakama ilijenga upya tukio kwa filamu, ikalitilia muziki, na watazamaji wakaamua. Ndivyo Rukiya alivyorudishiwa mwanawe Shekue, aliyemsukuma jirani yao, mzee Kombo, akavunjika nyonga.

"Mungu akupe umri mrefu," alimwambia mtengenezaji wa filamu ile, akimkabidhi kikapu cha vitumbua. "Lile zeze lilinitoa machozi. Na kamera ilivyomsogelea mwanangu taratibu, nani angemwona mkosaji?"

"Ndiyo kazi yetu, mama."

Jioni mama na mwana wakaitazama tena nyumbani, nyoyo zimejaa shukrani. Zeze lililia, kamera ikausogelea uso wa Shekue, nao ukawa uso wa mtu aliyeonewa.

Ghafla sauti ikakatika. Katika kimya kile Rukiya akaona, pembeni kabisa mwa picha, mkono wa mzee Kombo ukipapasa sakafu, ukitafuta pa kushika.

Shekue aliinamisha kichwa. "Mama..."

"Alhamdulillahi, umerudi," Rukiya alimkatiza. "Hebu rudisha muziki, mwanangu."