Uji wa Mama Zuhura

Tangu azaliwe, Mzee Kheri hakuwahi kuwasha jiko. Asubuhi hiyo mkewe, aliyekuwa hoi kitandani, alisema anatamani uji, basi Kheri akalitoa jiko la mkaa na kuliweka nje, chini ya dirisha la chumba chao.

"Mafuta ya taa kidogo tu, usije ukajiunguza," mkewe alimwelekeza kwa sauti ya kukatikakatika. "Sasa pepea. Polepole, Baba Zuhura."

Akapepea, moshi ukimtoa machozi, mpaka mkaa ukashika.

"Umewaka, Mama Zuhura! Nibandike sufuria?"

Ndani kulikuwa kimya. Akauliza tena, kisha tena. Hakuthubutu kuchungulia dirishani. Alichuchumaa palepale, akaendelea kupepea moto uliokwisha kukolea.