Vidole Viwili vya Mama Thérèse

Mama Thérèse alipenyeza vidole kati ya vazi la kurukia ndege na tumbo la binti yake, vikaingia vinne.

"Njo maana jana macho yako iliingia giza kule juu ya ziwa," alisema. "Imelegea."

Binti yake, rubani wa ndege ya kivita, alikuwa karibu kuruka tena kutoka uwanja wa Kalemie. Vazi lilikuwa suruali ndefu yenye mifuko ya hewa ndani. Ndege ikikata kona kali, mifuko hujaa na kubana miguu na tumbo, ili damu isiteremke yote ikaacha kichwa kitupu.

Fundi wa mavazi alitabasamu. "Mama, hii si kitenge ya kufunga mwanamuke aliyezaa."

"Tumbo ni tumbo," alijibu Mama Thérèse. Kwa miaka thelathini alikuwa amefunga matumbo ya wanawake wa mtaa wake wakishajifungua. Alipiga magoti, akafungua kamba za ubavuni, akazikaza upya tundu kwa tundu, kuanzia chini kwenda juu, huku binti yake akishusha pumzi kila alipoambiwa.

Fundi alichomeka pampu ya kupimia. Vazi likavimba, likashika.

"Sasa njo inabana," alisema binti, akacheka.

Fundi hakucheka. Alitoa kalamu, akafungua daftari lake la vipimo.

"Mama, inapashwa kuingia vidole ngapi?"

"Viwili," alisema Mama Thérèse, akijipangusa vumbi magotini. "Lakini vyangu."